Daktari ana pointi 50 za kusoma kila mwaka, mkutubi wake je?

Ukishikwa na kichwa saa sita usiku hapa Tassia, unafanya nini kwanza? Usinidanganye. Huendi hospitali. Unatoa simu chini ya mto, unaandika dalili zako kwa Google, na baada ya dakika tano ushajipata na magonjwa matatu, moja likiwa saratani. Asubuhi unapitia duka la dawa la hapo kona, unameza tembe mbili, unadandia matatu ya tao na maisha yanasonga.

Sikucheki. Mimi pia hufanya hivyo.

Sasa sikiliza. Mwezi jana mathe mmoja wa ghorofa ya tatu kwa ploti yetu alinibishia mlango akiwa na simu mkononi. Alikuwa ametumiwa sauti ya dakika nne kwa grupu ya chama. Msemaji, sauti ya upole kama ya mhubiri wa redio, alikuwa anasema dawa za presha zinaua figo, na kwamba kitunguu saumu na ndimu zinatosha. Mathe alikuwa ameacha tembe zake siku tisa. "Kijana wangu, wewe hushinda kwa kompyuta," akaniambia. "Hebu niangalilie kama haya maneno ni ya ukweli."

Nilikaa na hiyo simu karibu saa nzima. Nikapata kurasa chungu nzima zinazosema kitunguu saumu kinashusha presha, na zingine chungu nzima zinazosema ni porojo. Nikaona makala moja ya utafiti iliyoonekana ya maana, nikaibonyeza, ikaniomba dola. Nyingine ilikuwa wazi, lakini hata baada ya kuisoma mara tatu sikujua kama wanasema ndiyo ama la. Mwishowe nikafanya kitu kimoja tu cha akili: nikamwambia, "Mathe, meza dawa yako leo, kesho twende kliniki." Tukaenda. Presha ilikuwa juu sana. Sista alitukaripia sisi wote wawili, na alikuwa na haki.

Tukirudi kwa miguu nikawa najiuliza: huyo sista, akitaka kujua utafiti unasema nini haswa kuhusu kitunguu saumu, yeye humwuliza nani? Ama na yeye hutoa simu chini ya mto?

Kuna mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Anaitwa mkutubi wa tiba. Najua ukisikia mkutubi unamfikiria mzee anayepiga muhuri nyuma ya kitabu na kukutoza faini. Huyu ni mwingine. Daktari anamjia na swali: mgonjwa wangu ana kifafa na ana mimba ya miezi mitano, kati ya dawa hizi mbili ipi ni salama kwa mtoto? Mkutubi anaingia kazini. Anajua atafute katika ghala gani la makala, anajua maneno gani yatafungua mlango, na anajua kutenganisha utafiti uliofanyiwa watu elfu kumi na ule uliofanyiwa panya ishirini. Anarudi na makala tatu badala ya elfu tatu. PubMed peke yake, lile ghala linaloendeshwa na Maktaba ya Kitaifa ya Tiba ya Marekani, lina rekodi zaidi ya milioni 35. Jaribu kutafuta kitu humo bila kujua njia, utatoka na kichwa kilekile ulichoingia nacho.

Na hapa ndipo nina neno na serikali, hospitali na wewe. Huyu mtu ni lazima aendelee kusoma maisha yake yote ya kazi, pengine kwa kasi kuliko daktari anayemsaidia. Lakini hapa Kenya kama anasoma ama hasomi ni shauri yake. Hilo silioni kama jambo dogo la watu wa vitabu, kwa sababu limewahi kugharimu maisha mahali penye pesa nyingi kutuliko.

Mwaka wa 2001, kule Baltimore nchini Marekani, msichana aliyeitwa Ellen Roche alijitolea kushiriki utafiti wa pumu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alikuwa ameajiriwa huko huko kama fundi wa maabara. Alikuwa na miaka 24, umri wako pengine. Hakuwa mgonjwa. Alivutishwa dawa inayoitwa heksamethoniumu, akaanza kukohoa, mapafu yakaharibika, na tarehe 2 Juni akafariki.

Watafiti hawakuwa wavivu. Walikuwa wametafuta habari za dawa hiyo kwa PubMed na kwa vitabu. Shida ni kwamba wakati huo PubMed ilikuwa inafika nyuma hadi 1966 tu, na ripoti zilizoonya kwamba dawa hiyo inaweza kudhuru mapafu zilikuwa za miaka ya 1950. Zilikuwepo. Mtu alikuwa ameziandika, zikachapishwa, zikawekwa kwa rafu. Msichana alipokufa, wakutubi walizitafuta na wakazipata.

Siwezi kuapa kwamba mkutubi mmoja angemwokoa. Lakini anayekijua chombo vizuri hujua pia pale kinapoishia. Wewe na mimi tukitafuta kitu na kukikosa, tunasema hakipo. Mkutubi aliyefunzwa akikikosa anauliza: hakipo, ama natafuta mahali pasipofaa?

Pengine unasema hiyo ni hadithi ya zamani, siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Haya, chukua Mpox. Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza kisa cha kwanza hapa Kenya, cha msafiri aliyenaswa mpakani Taita Taveta. Sasa jifanye wewe ni daktari, unaandika neno "mpox" kwa ghala la makala. Utapata mambo mengi, karibu yote ya juzi. Kwa nini? Kwa sababu jina hilo lilitolewa na Shirika la Afya Duniani, WHO, mwezi Novemba 2022. Kabla ya hapo ugonjwa uliitwa jina lingine, lile la nyani, na ulikuwa unajulikana kwa binadamu tangu 1970, pale Kongo, majirani zetu. Kazi ya zaidi ya miaka hamsini, nyingi ikiwa imefanywa humu humu Afrika, inaweza kukupita kwa sababu ya neno moja tu. Mkutubi anayesoma kila mwaka anajua kwamba jina limebadilika na anatafuta kwa majina yote mawili. Aliyeacha kusoma siku ya kuhitimu, hana habari.

Maneno hayo hubadilika kila mara. Tangu 1960 ile maktaba ya Marekani imekuwa na orodha rasmi ya maneno ya tiba inayotumika kupanga makala, na orodha hiyo hurekebishwa kila mwaka. Ukimwi wenyewe uliingia humo kwa jina lake mwaka wa 1983, ilhali ripoti ya kwanza kuhusu wagonjwa ilitoka Juni 1981. Ina maana kuna makala za mwanzo kabisa ambazo hazina jina unalolijua. Nani atakuambia hivyo? Simu yako haiwezi kukueleza kitu ambacho hukukiuliza.

Hebu tumfikirie mtu mmoja. Alihitimu 1998, tuseme kutoka Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, ambako sayansi ya habari imefunzwa tangu 1988. Alipohitimu, PubMed ilikuwa imefunguliwa bure kwa umma mwaka mmoja tu uliotangulia. Mpango wa Hinari, ambao WHO na wachapishaji sita wakubwa waliuanzisha Januari 2002 ili hospitali na vyuo vya nchi maskini vipate majarida ghali bure ama kwa bei ya chini, haukuwa umezaliwa. Korona haikuwepo. Akili mnemba ilikuwa ya sinema. Mtu huyo yuko kazini hadi leo, bado hajastaafu, na cheti chake ni kile kile kimoja. Kama hakuna aliyempeleka darasani tena, unadhani anamfundisha nini mwanafunzi wa uuguzi anayeingia maktaba leo asubuhi?

Sasa linganisha na daktari. Kila mwaka daktari wa Kenya ni lazima akusanye pointi 50 za kuendelea kujifunza ndipo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno limpe leseni mpya. Anahudhuria mafunzo, anasoma, anahesabiwa. Asipotimiza ana shida. Ni utaratibu mzuri, hata kama wengine hukimbilia pointi za dakika ya mwisho Desemba. (Tunawajua.) Mkutubi anayemtafutia huyo daktari makala za kusoma hana leseni ya kuhuisha kila mwaka, na hakuna anayemhesabia pointi. Chama cha wakutubi kipo, na wanachama wake wanajituma, lakini kujiunga ni hiari.

Marekani walianza kujipanga kitambo. Chama chao cha maktaba za tiba kilianzishwa 1898, na leo kina cheti cha utaalamu ambacho mkutubi hukihuisha kila baada ya miaka mitano kwa kuonyesha amesoma nini na amefanya nini. Nacho si cha lazima, lakini kipo, na mwajiri anajua maana yake. Sisi huku Afrika tuna AHILA, chama cha maktaba na habari za afya barani, kilichoundwa 1984, na kina tawi Kenya. Ni AHILA hao hao walioshirikiana na WHO kwa faharasa ya makala za tiba za Afrika, kwa sababu utafiti mwingi wa kwetu ulikuwa hauingizwi katika faharasa za wazungu. Kwa hivyo usiseme hatuna watu. Watu wako, na wamekuwa wakifunzana wenyewe kwa wenyewe, mara nyingi kwa ufadhili wa kuombaomba. Mwajiri ndiye hayuko hapo.

Nimewasikia wanaosema: hospitali hazina glavu, mgonjwa anaambiwa akanunue sindano nje, na wewe unaongea mambo ya mkutubi kupelekwa kozi? Hoja hiyo naiheshimu. Nimepanga foleni hizo. Lakini tazama gharama. Kozi nyingi za kazi hii ziko mtandaoni bure: Research4Life, mwavuli unaosimamia Hinari, ina kozi, na ile maktaba ya Marekani ina mafunzo ya PubMed ambayo hayaombi hata senti. Kinachohitajika ni saa chache kwa wiki ndani ya muda wa kazi, bando la kutosha, na mkuu wa hospitali anayekubali kwamba mkutubi aliyeketi mbele ya skrini anasoma, hachezi. Hiyo si bei ya mashine ya MRI. Na upande wa faida, mwaka wa 1992 ulichapishwa utafiti wa mji wa Rochester, Marekani, ambapo asilimia 80 ya madaktari waliopewa habari na maktaba za hospitali walisema hakika ama pengine walibadilisha kitu fulani katika kumtibu mgonjwa kwa sababu ya habari hizo. Ni madaktari wenyewe walijisemea, kwa hivyo punguza kidogo ukitaka. Hata ukikata nusu, bado ni wagonjwa wengi.

Halafu kuna wewe, mwenye simu yenye akili mnemba, unayesema wakutubi wa nini siku hizi. Nimeitumia hiyo ChatGPT sana. Inaandika vizuri kuniliko. Lakini ilishawahi kunipa makala ya utafiti yenye kichwa, waandishi, jarida na mwaka, kila kitu sawasawa, na makala yenyewe haipo duniani. Nilitafuta hadi nikajiona mjinga. Mathe wa ghorofa ya tatu angejuaje?

Hata makala iliyopo kweli inaweza kuwa sumu. Tarehe 22 Mei 2020, katikati ya korona, jarida la The Lancet lilitoa utafiti kuhusu haidroksiklorokwini uliodai kutumia rekodi za wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671, zikiwemo za Afrika. Siku tatu baadaye WHO ikasitisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Wataalamu wakaanza kuuliza: hospitali gani za Afrika zilikuwa na rekodi nzuri hivyo za kompyuta? Kampuni ya Surgisphere iliyodai kuwa nazo ikashindwa kuzitoa zikaguliwe, na tarehe 4 Juni makala ikaondolewa. Wiki mbili tu. Lakini makala ikiondolewa haifi. Nakala zake hubaki zikizunguka kwa magrupu, na atakayeipakua leo bila kujua pa kuangalia alama ya kuondolewa ataamini. Kuijua alama hiyo, na kujua namna mashine mpya zinavyodanganya, ni masomo ambayo hayakuwepo katika diploma yoyote ya 1998. Mkutubi anapaswa kuyasoma sasa, na mwaka ujao asome mengine.

Mimi nilianza diploma ya mambo haya haya ya habari na maktaba, katika chuo ambacho sitakitaja. Niliacha mwaka wa pili. Karo ilikuwa sababu kubwa, lakini haikuwa peke yake. Tulikuwa tunakaririshwa kupanga kadi za katalogi kwenye visanduku vya mbao, na mtihani ukaja wa visanduku hivyo hivyo, ilhali maktaba ya chuo chenyewe ilikuwa na kompyuta sita, tatu zikiwa zimekufa. Sitakwambia kuacha chuo ni ujanja. Sina cheti, na kuna milango ambayo haifunguki, basi. Ila nilichokiona ni kwamba wenzangu waliomaliza walipewa kofia na joho kisha wakaambiwa elimu imekwisha, na mimi niliyetoka nikaambiwa vilevile. Tofauti yetu ni karatasi. Miaka mitano baadaye sote tuko nyuma, isipokuwa yule aliyejipeleka darasani mwenyewe kwa bando lake.

Kwa hivyo naomba vitu ambavyo vinawezekana. Kaunti ikitangaza nafasi za kazi hospitalini, iwemo nafasi ya mkutubi aliyesomea kazi hiyo, si karani aliyehamishwa kutoka stoo apewe ufunguo wa chumba cha vitabu. Chama cha wakutubi na wizara wakae chini waandike idadi ya saa za kusoma kwa mwaka, hata kama ni ishirini tu za kuanzia, na mwajiri azitambue wakati wa kumpandisha mtu cheo. Na daktari anayeenda kufunzwa na mkutubi namna ya kutafuta ushahidi, saa hizo zihesabiwe katika zile pointi zake 50. Hapo utaona maktaba zinajaa. KMTC, chuo kilichoanza 1927 na chenye kampasi zaidi ya 70 nchini, kinafundisha sehemu kubwa ya wauguzi na matabibu watakaokutibu wewe na watoto wako. Nani anakaa kwenye maktaba ya kila kampasi, na alisoma mara ya mwisho lini? Mbunge wako anaweza kuliuliza swali hilo bila kugharimu chochote.

Wewe nawe, kama uko Fomu Four ama unarandaranda na cheti cha kompyuta ukingoja kazi ya benki, itazame kazi hii. Inataka mtu mdadisi, asiyeamini haraka, anayejua Kiingereza cha vitabu na Kiswahili cha mathe, na asiyeona haya kurudi darasani akiwa na miaka arobaini. Ukitaka kuonja, ingia PubMed jioni moja. Ni bure na haili bando sana. Andika ugonjwa mmoja unaousumbua ukoo wenu, uone unavyopotea, kisha ufuate yale mafunzo yao mafupi uone unavyoanza kupata njia. Tassia ukiuliza maktaba iko wapi utaelekezwa saiba, najua, lakini Buruburu kuna tawi la maktaba ya taifa na Makadara kuna ile ya kaunti. Nauli haifiki mia.

Mimi nimeanza na ile ya kitunguu saumu. Imenichukua jioni tatu, na kufikia sasa ninachoweza kumwambia mathe bila kudanganya ni kwamba kuna tafiti ndogondogo zinazoonyesha kinashusha presha kidogo, na kwamba hakuna niliyoiona inayosema aache dawa zake. Amenisikia. Tembe anameza, mashine ya kupima ameagiza. Jana usiku akanitumia sauti nyingine, hii ni ya mwarobaini na sukari, dakika saba nzima.